Uso wa Bibi Sitaufuta

Naliendele,
Mtwara.
Jumamosi, 16 Agosti 2025

Mpendwa Mjomba Selemani,

Asalaam aleikum, na shikamoo. Kabla ya yote, hujambo? Goti lako linaendeleaje? Mama Hamisi aliniambia mwezi uliopita kwamba unapanda ngazi za ofisini kwa kushikilia ukuta, na mimi nikasema basi Mjomba kakubali kuzeeka. Naamini ile dawa ya kuchua imekusaidia, na kwamba Tanga haina baridi kama huku kwetu asubuhi hizi.

Sisi tunashukuru Mungu. Mama mzima. Mikorosho imeanza kutoa maua, kwa hiyo kila alfajiri yuko shambani anapuliza salfa, akirudi kope zake zimejaa unga wa njano na hataki mtu amcheke. Mdogo wangu Fadhili naye mzima, anakula kwa wawili. Bibi miguu inamvimba asubuhi lakini ikifika saa nne anawafokea kuku mpaka majirani wanasikia. Ameniagiza nikwambie mama yako bado yuko hai na meno yake yaliyobaki yote yanatafuna.

Najua umeshangaa kupokea barua, maana siku hizi barua wanaandikiana wanasheria. Nimechagua karatasi kwa sababu karatasi haikatwi katikati ya sentensi. Jumapili iliyopita tuliiweka simu mezani, mimi, Mama na Fadhili tukaizunguka, ukaongea peke yako mpaka ukamaliza. Nilipoanza tu kusema naomba Mjomba, ukakata. Sikulaumu sana. Kwetu mjomba ndiye mwenye watoto wa dada yake, akishasema imekwisha, na mimi tangu nizaliwe sijawahi kukujibu.

Leo nakujibu.

Pamoja na barua hii kuna kifurushi bapa kilichofungwa kwa kipande cha kanga. Nimekikabidhi kwa kondakta wa basi na nimemwapisha asikilaze chini ya mizigo. Naomba usikifungue mpaka umalize kusoma. Nimekutii miaka yote, na wewe nitii kwa hili dogo.

Uliamuru mambo matatu: nimfute Bibi kwenye ukuta wa shule kabla ya Ijumaa, niache masomo ya ualimu wa sanaa, na Jumatatu nikaripoti bandarini kwa yule rafiki yako wakala wa forodha. Ijumaa ilikuwa jana. Bibi bado yuko ukutani. Na haya mengine mawili jibu lake ni hilohilo, Mjomba. Sifuti, siachi, na siendi.

Usije ukadhani bandari ilinishinda. Shahada ya ugavi uliyonichagulia niliisoma nikaimaliza vizuri, na msimu mzima wa korosho nilikaa kwenye ofisi ya wakala nikipitisha mizigo, malori yamejipanga mpaka barabarani. Hakuna aliyewahi kulalamikia kazi yangu. Ila nikipata nafasi nilikuwa nachora nyuso za madereva kwenye vipande vya maboksi, na madereva walikuwa wanaondoka nazo wanazibandika ndani ya malori yao. Siku moja niliona lori linatoka getini, uso wa mwenyewe umebandikwa kwenye kioo, nikajua pale ofisini nimekaa kiti cha mtu mwingine.

Ulisema mtu hasomi mpaka digrii, kisha akarudi shule kujifunza jinsi ya kuwafundisha watoto kuchora. Mimi ndiye mtu huyo, na sioni haya. Chuo kilinipokea kwa kazi za mkono wangu, wakanipa mwaka mzima wa kuziba mapengo, ndipo nikaingia kwenye stashahada ya uzamili. Watu wanadhani tunashinda tunapaka rangi. Tunasoma namna mtoto anavyotazama, na kwa nini mtoto anayechora kila kitu akiwa mdogo anafika sekondari anaficha daftari. Nilichokiona mwenyewe kwenye mazoezi ya kufundisha ni kwamba wengi hawakuacha kwa kukosa kipaji. Waliacha siku walipochekwa.

Sasa nikueleze jinsi Bibi alivyofika ukutani, maana wewe umeona picha tu kwenye kundi la familia, tena Fadhili aliipiga jua likiwa limemkaba.

Nilikuwa na Kidato cha Pili hapa shule ya jirani ninapofanyia mazoezi. Niliwaambia kila mmoja aje na pambo kutoka nyumbani kwao, lolote lililochorwa au kusukwa au kudariziwa. Wakaja na pindo za kanga, na vipande vya mikeka, na foronya, na mmoja alikuja na boksi la biskuti kwa sababu, alisema, kwao hakuna pambo. Tulikuwa nje chini ya paa la jiko, tumezitandaza. Hapo ndipo Bibi alipotokea na bakuli la muhogo, maana asubuhi nilisahau chakula.

Unajua anavyotembea akitoka uani. Kanga mpaka chini ya macho, jua kali au mvua. Lakini siku ile kiu ilimshika, akaenda kwenye bomba la shule, akaishusha kanga ili anywe maji. Watoto wakaona. Wakaona chale za mashavuni na za kipaji cha uso, na tundu la ndonya, kile kipande cha mti cha pambo, kwenye mdomo wa juu. Mmoja akasema kwa sauti, Mmawia huyo, lile tusi unalolijua la watu wa ng'ambo ya Ruvuma, na darasa zima likaangua kicheko.

Bibi alisikia. Alijifunika, akaniwekea bakuli mkononi, akaondoka bila kuaga. Mjomba, nilikasirika mpaka chaki ikavunjika mkononi. Nilitaka kuwachapa wote. Sikumchapa mtu, niliwaambia wakusanye vitu vyao waende, nikarudi nyumbani na ule muhogo kama ulivyokuwa.

Jioni nilimwomba Bibi arudi shuleni, safari hii kwa makusudi, akae mbele yao wamchore. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, akaingia ndani. Siku kadhaa hatukulizungumza. Kisha asubuhi moja Mama akamkuta amekaa kizingitini, ameshaoga, amevaa zile kanga mpya za Idi. Akaniambia, kwa ile lafudhi yake ya kwao isiyo na r, "Waliniona kwa kuiba. Twende wakanione vizuli."

Na walimwona. Alikaa kwenye kiti cha mwalimu, akaishusha kanga mpaka mabegani. Hakuna aliyecheka. Akawasimulia kwao ng'ambo ya Ruvuma, juu kule Mweda, jinsi mama yake alivyomshika kichwa, na mama mwingine akamchanja, wakampaka masizi ya mbono, na yeye hakulia. Aliwaambia siku vidonda vilipopona alizunguka nyumba zote za kijiji ili watu wamwone. Msichana asiyekuwa na chale alikuwa anajificha. Kisha akavuka mto kuja huku, akaolewa na Babu, akapewa jina la Rukia, na sura ileile aliyotembezwa nayo kwa vigelegele ikawa ya kuchekwa sokoni. Tangu hapo akaanza kujifunika.

Kulikuwa na msichana anaitwa Jesca, baba yake anaendesha winchi bandarini, kwao Songea. Akauliza kama anaweza kugusa. Bibi akamshika kidole, akakipitisha polepole juu ya chale, mstari mmoja baada ya mwingine. Baada ya Jesca wakapanga foleni. Nimefundisha majuma mengi sasa, sijawahi kuona watoto wakitazama kitu namna ile, na kengele ilipolia hawakuisikia au walijifanya.

Wao ndio waliotaka ukuta. Mkuu wa shule akatupa ule wa darasa la mwisho, unaotazama barabara. Rangi hatukuwa nayo. Tulichekecha udongo mwekundu, tukasaga mkaa, tukakoroga na uji wa muhogo ili vishike. Hapo tuliona cha mtema kuni. Asubuhi yake tukakuta mbuzi wa jirani wamesimama kwa miguu ya nyuma wanamlamba Bibi shavu, na nusu ya kidevu imeshaliwa. Bibi alipoambiwa alicheka mpaka akashika mbavu, akasema mume wake hakuwahi kumpenda kiasi hicho. Tukaanza upya kwa utomvu wa mkorosho badala ya uji, na mbuzi wakasusa.

Mradi huo ndio mtihani wangu wa mwisho. Mkaguzi kutoka chuoni, Dakta Beatrice, anakuja Jumatano kuuona ukuta na kunisikiliza nikifundisha mbele yake. Bila ukuta sina mtihani. Ulilijua hilo uliposema nifute, kwa sababu Mama alikwambia.

Fadhili alipoituma picha, wajomba wadogo walipiga makofi, binamu wakaweka mioyo. Wewe ukaandika maneno matatu: futa hiyo aibu. Nilikaa nayo simu mkononi, nikasoma tena na tena. Aibu uliyoitaja ni mama yako, Mjomba. Ni uso ulioutazama ukinyonya.

Umetaja na dini, kwamba picha ya kiumbe haifai. Hilo ningelipokea kwa kuinamisha kichwa kama sebuleni kwako kusingekuwa na picha yako ukiwa na suti, kubwa kuliko mlango wa friji. Hata hivyo nilikwenda kumuuliza Shekhe wetu. Alisema msikitini isiingie na mtu asiielekee akisali, mengine akaniachia mimi na nia yangu. Nia yangu naijua.

Mama amenieleza kitu ambacho hukuwahi kunieleza wewe. Amesema ulipokuwa shule ya msingi walikuwa wanakuita mtoto wa Mmawia, na ulipigana nao mpaka ukapasuliwa nyusi. Amesema Bibi alikuwa anakuletea uji, na siku moja ukamwambia asifike tena getini, akawa anauacha kwenye tawi la mkorosho, anajitenga mbali, anasubiri mpaka uuchukue. Niliposikia hayo nililia, Mjomba, na nililia kwa ajili yenu wote wawili. Mtoto mdogo angefanya nini zaidi? Lakini wewe si mtoto tena. Una wajukuu. Na waliokucheka wengine wameshazikwa, ila wewe bado unatekeleza walichotaka.

Ndiyo maana sitii. Ningekuwa nabishana kwa ajili ya kazi tu, pengine ningeshindwa, ningekwenda bandarini nikanyamaza, maana nakuheshimu na nakuogopa pia, sitaki kukudanganya. Lakini ukiniambia nimfute Bibi unaniambia nisimame upande wa wale watoto waliocheka bombani. Mimi ni mwalimu wao. Nitawaambia nini Jumatatu?

Nasikia ulimpigia simu hata Mwalimu Gaudensi, mwalimu mwenyeji wangu. Si mtu mbaya, ametoka Mbinga, ana watoto wake wa kulisha na hapendi fujo na wazee. Juzi nimemkuta amesimama mbele ya ukuta na ndoo ya chokaa, uso umemsinyaa kama mtu aliyetumwa kuchinja kuku asiye wake. Akaniambia mjomba wangu amempigia, tena kwa heshima sana, na yeye hataki kuingilia mambo ya familia, kwa hiyo nichague mwenyewe. Akaiweka ndoo chini, akaenda zake.

Nilichagua. Niliwaita watoto. Bibi wa ukutani alikuwa na macho mazuri lakini yalififia, udongo ulikuwa umeyameza, na tulikuwa tunatafuta cheupe siku nyingi bila kukipata. Chokaa uliyoagiza tumeitumia kung'arisha macho ya mama yako. Sasa ukipita barabarani, hata uwe ndani ya gari, anakutazama. Mwalimu Gaudensi alirudi, akautazama ukuta, kisha akauliza kama chokaa imebaki ili amalizie ukuta wa choo. Imebaki.

Kwa hiyo Jumatatu rafiki yako asiniwekee kiti. Mwambie namshukuru, na samahani kwa usumbufu. Mimi nitakuwa darasani na Kidato cha Pili. Jumatano nitasimama mbele ya Dakta Beatrice. Sijui atasemaje. Anaweza kusema mistari imepinda, au kwamba sikufuata utaratibu wa somo, na nikifeli nitarudia mwaka. Nikirudia nikafeli tena, nitarudia tena. Mtwara hii ina shule ngapi, na walimu wa sanaa unaweza kuwahesabu bila kutoa mkono mfukoni. Mimi nitakuwa mmoja wao, upende au usipende, ingawa ningefurahi sana upende.

Naomba radhi yako. Naiomba kwa dhati, kwa sababu wewe ndiye uliyenishika mkono kunipeleka shule siku ya kwanza, na viatu vyangu vya kwanza vya shule vilitoka kwako. Ukininyima nitaumia, lakini nitaendelea. Bibi ameshanipa ya kwake, na katika nyumba hii hakuna aliye juu ya Bibi, hata wewe.

Nisalimie Mama Hamisi, mwambie tunamngoja na mapishi yake ya Kitanga. Nisalimie Hamisi na mkewe na wale mapacha, waambie shangazi yao atawatumia kalamu za rangi na wasichore kwenye picha ya babu yao ya suti. Mama anakusalimu. Anasema hana la kuongeza juu ya niliyoandika, na kwamba nimeyaandika mbele yake. Fadhili anaomba msamaha kwa kutuma picha, lakini hajaifuta. Mungu akuponye goti, akupe umri mrefu na usingizi mwororo, na akulete kwetu kwa heri kabla korosho hazijaanza kuanguka.

Sasa fungua kifurushi.

Utaikumbuka. Ni ile picha ya Bibi ya sebuleni kwetu, ya mwaka ule ulipomchukua Bibi kuja Tanga kutibiwa macho ukampitisha studio. Ulikuja nayo mwenyewe, kwenye fremu ya dhahabu, ukaipigilia msumari. Fundi wako aliisafisha. Alizifuta chale zote, akaliziba tundu la mdomo, akailainisha ngozi mpaka ikang'aa kama sahani. Miaka yote imening'inia pale juu ya redio, na kila mgeni anauliza huyu mama ni nani, na sisi tunajibu ni Bibi, na Bibi yuko palepale mkekani ameinama anachambua mchicha. Nilidhani hajali.

Siku aliyorudi kutoka shuleni kuchorwa, alisimama sebuleni bila kanga usoni. Akaitazama picha ile kwa muda. Akaniambia nipande kiti niing'oe. Nikamuuliza niiweke wapi. Nakuandikia maneno yake kama alivyoyasema, na hakuyasema kwa hasira:

"Mludishie Selemani. Labda yeye anamjua huyu mama. Mimi simjui."

Msumari bado upo ukutani. Hatujatundika kitu. Ukija, pitia barabara ya shule.

Mimi mpwa wako, nikupendaye kuliko ninavyokuogopa,

Nuru